Nani Hakurudi? Shajara ya Kulinganisha Kliniki za Afya ya Akili, Kisumu hadi Nakuru

Januari 2025

Kliniki nne zimekubali kukifungulia kikundi chetu vitabu vyao: mbili za Kaunti ya Kisumu, moja ya Kakamega na moja ya Nakuru. Wasimamizi wake wametupa sharti moja, zisitajwe kwa majina, nasi tumelikubali kwa moyo mweupe kwa sababu hatukuja kumwanika mtu. Humu nitaziita ya mjini, ya ziwani, ya Kakamega na ya Nakuru.

Tunachotaka kujua ni hiki. Mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie au kuamini yasiyokuwepo), sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au bipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) akitibiwa katika kliniki moja, je, anapata yale anayoyapata mwenzake aliye mwendo wa saa chache kwa matatu? Na ikiwa hapati, huyo mwenzake anafanyiwa nini ambacho wengine wanaweza kukianza wiki ijayo bila kungoja bajeti ya kaunti?

Nimekwisha kuulizwa kama huu ni mpango wa safari na posho. Naelewa swali linakotoka. Wakenya wamelipia ziara nyingi za viongozi wanaokwenda ng'ambo kujifunza. Huu ni mradi wa rejesta, na safari yake ndefu kuliko zote ni ya kutoka Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho.

Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, kila kaunti inapanga huduma zake. Sera ya taifa ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030 ipo. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitoa ripoti mwaka 2020 likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili nayo ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022, na wajibu wa kaunti ukaandikwa waziwazi. Kwenye karatasi hatujapungukiwa sana. Anayepungukiwa ni muuguzi wa kliniki, ambaye mwezi ukiisha hana njia ya kujua kama kazi yake inasonga mbele au inarudi nyuma.

Februari: tupime nini?

Mwezi mzima umekwenda kwenye mabishano, na yamekuwa mabishano yenye faida.

Kuna kipimo cha hali ya mgonjwa wa akili kiitwacho HoNOS, kilichobuniwa Uingereza miaka ya 1990, chenye vipengele 12 ambavyo kila kimoja hupewa alama 0 hadi 4. Australia wanakitumia kila mahali kulinganisha huduma zao. Tumekiweka kando. Kinataka mhudumu aliyefunzwa na mwenye muda wa kukaa na mgonjwa, na katika kliniki zetu kuna siku muuguzi ni mmoja, foleni iko hadi nje kwenye mti, na yeye huyo huyo ndiye anayetoa dawa.

PHQ-9 tumeichukua. Ni maswali 9 ya kupima sonona, kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 3 kwa kila swali, jumla 27. Anayefika 10 anahitaji kuangaliwa kwa makini. Hatukuiokota tu kwa sababu ni maarufu duniani: watafiti wa AMPATH kule Eldoret, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, waliijaribu kwa watu wanaoishi na VVU hapa magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2009 na kuonyesha kwamba inafaa kwa watu wetu.

Swali la tisa ndilo lililotukalisha muda mrefu zaidi. Linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe, au ya kujidhuru. Tarehe 9 mwezi uliopita Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa hatia, kinakwenda kinyume cha Katiba. Miaka yote hiyo mgonjwa aliyewahi kujaribu alikuwa na sababu nzuri ya kumficha muuguzi. Tumeweka kanuni ambayo haina mjadala: yeyote anayejibu zaidi ya 0 hapo haachiwi aende na alama yake imeandikwa kwenye safu. Anazungumza na mhudumu siku hiyo hiyo, kabla hajatoka getini. Kliniki isiyoweza kuahidi hilo haitatumia fomu yetu.

Kipimo kingine ni ufuatiliaji wa waliotoka wodini. Uingereza wanataka mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya akili afuatiliwe ndani ya saa 72. Mtu anaweza kusema hayo ni ya nchi tajiri, na kweli sisi hatuna gari la kumfuata mtu Nyakach. Ila ukitazama sababu yake, ni sababu ya binadamu popote alipo: uchunguzi wa muda mrefu wa Chuo Kikuu cha Manchester kuhusu vifo vya kujiua ulionyesha kwamba hatari ni kubwa sana siku za kwanza baada ya kuruhusiwa, hasa siku ya tatu. Gari hatuna, simu tunayo. Kwa hiyo tutauliza: aliyeruhusiwa alipigiwa simu ndani ya siku 3? Na je, alionekana kliniki ndani ya siku 28, sindano ya mwezi inapofika?

Cha mwisho ni dawa. Kila kliniki itaandika siku ambazo ilikosa flufenazini ya sindano (ndiyo sindano ya mwezi), haloperidoli, fluoksetini au kabamazepini. Majina ya wagonjwa yanabaki kliniki. Kwetu zinafika namba tu, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka.

Machi: ndani ya rejesta

Nitaeleza kwa kirefu mwezi huu, maana mradi wote umegeukia hapa.

Takwimu za kila mwezi huingizwa kwenye fomu ya MOH 705B, kisha zikapanda kwenye mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, KHIS. Magonjwa ya akili ya watu wazima yana mstari wake humo. Mstari huo unatoa jumla tu, haumfuati mtu. Mtu anayekuja kila mwezi kuchomwa sindano anaacha alama kwenye rejesta kila anapokanyaga kliniki. Aliyekuja mara moja, akaandikiwa dawa akapotea, aliacha alama moja, basi. Kliniki inayowapoteza nusu ya wagonjwa wake na kliniki inayowashika wote zinaweza kupeleka kaunti tarakimu zinazofanana, ilmradi wapya wanaendelea kuingia mlangoni.

Kule ziwani tulikaa na rejesta yenyewe. Ni kitabu kirefu cha jalada gumu, safu zimechorwa kwa rula: tarehe, namba, jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa, na mwisho herufi ya kuonyesha kama mtu ni mpya au amerudi. Nikamchagua mtu mmoja, kijana, nikamfuata kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa. Septemba yupo. Oktoba yupo. Novemba yupo, sindano imeandikwa kwa wino wa buluu. Desemba simwoni. Januari simwoni. Februari pia. Kitabu kimejaa hadi pembeni, hakuna nafasi tupu hata moja inayoonyesha kwamba kuna mtu amekosekana.

"Sista," nikamwuliza muuguzi, "huyu wa Novemba alihamia kliniki nyingine?"

Akavaa miwani, akatazama jina. "Huyo? Mama yake ndiye aliyekuwa anamleta. Mama aliaga mwezi wa kumi na mbili."

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo kichwani, pamoja na majibu ya wengine wengi, na angeulizwa na mtu yeyote angelitoa. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna fomu inayouliza. Mhudumu wa afya ya jamii alikwenda kule kijijini wiki hiyo hiyo, akamkuta kijana nyumbani, amekonda, anazungumza peke yake, chakula anapewa na shangazi. Shangazi hakujua kwamba kuna sindano. Sasa anajua, na ndiye anayemleta.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani, nikasoma tena habari za Uingereza. Walipoanzisha mpango wao wa tiba ya mazungumzo, kwanza kwa majaribio Doncaster na Newham mwaka 2006, kisha nchi nzima kuanzia 2008, waligundua jambo hili hili kwa sura nyingine. Ukimpima mtu alipoanza na alipomaliza tu, wale walioacha katikati hawana alama ya mwisho, na hesabu inawasahau. Walipofanikiwa kuwapata baadhi ya hao waliosahauliwa, waliona wamepata nafuu kidogo kuliko waliobaki. Ndiyo maana wanampima mtu kila kikao, ili akiacha wakati wowote, alama yake ya mwisho iwe inajulikana. Lengo walilojiwekea la nusu ya wanaomaliza tiba kupona lina maana kwa sababu karibu kila mmoja wao ana alama ya mwanzo na ya mwisho.

Chukua mfano wa hesabu tu: watu 40 wanaanza tiba, 20 wanabaki, 15 kati ya hao wanapata nafuu. Ukigawa kwa waliobaki, umefaulu kwa asilimia 75, na unaweza kuandika ripoti nzuri. Ukigawa kwa walioanza, ni chini ya asilimia 38. Watu ni wale wale, na tiba ni ile ile.

Uamuzi wetu: kila hesabu ya mradi huu itagawiwa kwa walioanza. Na kila kliniki inapata daftari jipya ambalo mtu mmoja anashika mstari mmoja, miezi imepangwa kwa upande. Asiyekuja anaacha kisanduku cheupe ambacho muuguzi anakiona akifungua tu. Hatujabuni kitu. Kliniki za kifua kikuu na za VVU zimekuwa zikiwafuatilia watu wao hivi kwa miaka, mara nyingi katika jengo lile lile, mlango wa pili. Mgonjwa wa akili ndiye aliyekuwa hajafikiriwa.

Aprili

Tarakimu za kwanza zimekuja, na simu zimeanza kupigwa. Ya Kakamega inaonekana nyuma sana kwa wanaorudi baada ya wodi. Msimamizi wake hakufurahi, na alikuwa na hoja. Kwake wanaletwa watu waliofungwa kamba na jamaa zao, au walioshushwa kutoka gari la polisi usiku. Ya mjini inapokea wengi walioelekezwa kutoka kliniki ya VVU na ya wajawazito, wanaokuja kwa miguu yao, wana kazi, wana simu. Kuwapanga hawa kwenye orodha moja ni kumwonea mtu.

Tumegawa kwa makundi: waliolazwa na wasiolazwa, wenye skizofrenia na bipola kando, wenye sonona na wasiwasi kando. Kakamega ikilinganishwa na wenye mzigo kama wake, pengo linapungua sana. Halijaisha, lakini sasa ni pengo ambalo msimamizi mwenyewe anakubali kulizungumzia.

Pia tumekataa kuchapisha asilimia za mwezi mmoja. Penye watu 8, mmoja akienda kwa dada yake Eldoret asilimia inashuka kwa zaidi ya 12. Penye watu 80, huyo mmoja haonekani. Tunajumlisha miezi mitatu, na penye watu wachache tunaandika idadi yenyewe.

Jambo jingine la kuandika pembeni ya jedwali: Marekani iliposimamisha misaada mwezi Januari, wahudumu wengi wa kliniki za VVU huku magharibi walirudishwa nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakiuliza maswali ya PHQ-9. Idadi ya waliopimwa sonona mjini imeshuka tangu wakati huo. Atakayelisoma jedwali bila maelezo hayo ataamini watu wa Kisumu wamepona huzuni.

Mei: Nakuru

Kliniki ya Nakuru inawarejesha watu kuliko nyingine, katika makundi yote. Tulikwenda kuona kwa nini.

Nilidhani jibu litakuwa wataalamu. Kaunti ile ina Gilgil, ambako wagonjwa wa akili wamehudumiwa kwa miaka mingi, na wauguzi wenye mafunzo hayo si wageni huko. Hilo linasaidia. Lakini muuguzi anayeendesha kliniki, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, alinionyesha daftari la shule la kurasa 96 lililofunikwa kwa gazeti. Kila mgonjwa ana namba mbili za simu. Ya kwanza ni yake. Ya pili nilidhani ni ya mzazi au mume.

"Hapana, kijana wangu," akanirekebisha. "Mimi siulizi ndugu yako ni nani. Ndugu anaweza kuwa Mombasa. Mimi namwuliza, jana usiku nani alikupa chakula? Huyo ndiye namba ya pili."

Siku moja kabla ya kliniki anapiga namba ya kwanza. Isipopokelewa, anapiga ya pili. Hasemi ugonjwa, anasema kesho ni siku ya hospitali. Na siku ya sindano ameiweka siku ya soko, ili nauli ile ile imlete mtu kwenye dawa na imrudishe na mboga zake. Salio la simu ni la mfuko wake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoumia. Kipimo kizuri kuliko vyote tulivyonavyo kinasimama juu ya mshahara wa mtu mmoja, naye anakaribia kustaafu.

Nimemwomba ruhusa ya kupeleka swali lake la chakula kwa kliniki nyingine tatu. Akacheka, akasema nimwandikie na yeye barua ya kueleza kwa nini tunauliza, ili wagonjwa wasiogope.

Juni: wodi, na waliokwisha kulala humo

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2012 nyenzo ya kupima huduma za akili kwa kipimo cha haki za binadamu, iitwayo QualityRights, na Kenya ilizindua mafunzo yake ya mtandaoni mwaka 2021. Tumeitumia kwa wodi mbili. Orodha yenyewe ni ndefu na sitairudia. Nitasema tu kwamba watu wawili waliowahi kulazwa wamejiunga na kikundi chetu, na wao ndio waliouliza maswali ya maana. Kitasa cha bafu kiko upande gani? Mgonjwa anaruhusiwa kumpigia mama yake? Aliyempa dawa alimwambia jina lake?

Mmoja wao alitueleza kilichompata katika hospitali fulani miaka kadhaa iliyopita. Alichomwa sindano, kesho yake shingo ikakakamaa ikageukia upande mmoja, ulimi ukawa mzito. Alidhani anakufa. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba dawa hiyo huweza kufanya hivyo, wala kwamba kuna dawa ya kuituliza haraka. Aliporuhusiwa hakurudi kliniki kwa muda mrefu. "Ningerudi kufanya nini?" akatuuliza.

Basi tukavirudia visanduku vyeupe vya kliniki zote nne na kuomba wahudumu wa afya ya jamii waulize sababu. Nauli inatajwa. Maombi kanisani yanatajwa. Kifo cha aliyekuwa akimleta mgonjwa kinatajwa. Na madhara ya dawa yanatajwa mara nyingi kuliko yeyote kati yetu alivyotarajia, na wauguzi wenyewe wameshtuka. Tumeongeza kipimo kimoja: je, mgonjwa anaweza kusema dawa yake inaitwaje, na afanye nini mwili ukikakamaa? Kinachukua dakika mbili, na hakigharimu chochote.

Julai

Kliniki zote nne zilikutana Kisumu. Kila mmoja alikuja na karatasi yake, tukaziweka mezani bila kuzipanga wa kwanza hadi wa mwisho. Tangu ya ziwani ianze kuuliza nani alikupa chakula, visanduku vyeupe vimepungua. Ni mapema kutoa tarakimu, na miezi mitatu bado haijatimia. Nakuru nayo imechukua kitu Kakamega: kikaratasi kidogo anachopewa aliyeruhusiwa, chenye tarehe ya sindano ijayo, jina la dawa na dalili za hatari, kimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Msimamizi wa Kakamega, yule wa Aprili, ndiye aliyekisambaza mezani kwa mikono yake.

Kuna visanduku ambavyo simu haiwezi kuvijaza. Ya ziwani ilikosa flufenazini siku kadhaa mwezi Mei, na waliokuja siku hizo waligeuzwa mlangoni, wengine baada ya kuazima nauli. Sitakubali visanduku hivyo viandikwe kwa jina la muuguzi. Kwenye jedwali vimepakwa rangi nyingine, na nakala imekwenda kwa mfamasia wa kaunti ikiwa na tarehe za kuagiza na tarehe za kupokea.

Kuanzia Agosti tunaingiza wagonjwa wa kifafa, maana wanahudumiwa kliniki hizi hizi na wanapotea vivyo hivyo. Salio la simu limeandikwa kama gharama ya kliniki katika maombi ya bajeti ya vituo vyote vinne, shilingi kwa kila mgonjwa kwa mwezi, pamoja na maelezo ya jinsi linavyotumika. Vituo viwili vimekwisha kupata sahihi ya kamati zao. Vingine viwili vinakaa wiki ya pili ya Agosti, na muuguzi wa Nakuru amekubali kuja kuwaeleza mwenyewe.